Mama Alipandia Treni Wapi

Nilijifunza kusoma kwa wafu. Shule niliiacha darasa la tatu, mwaka baba alipokufa, na herufi chache nilizokuwa nazo zilinitoka kichwani zote. Zilirudi nikiwa mtu mzima, moja moja, makaburini. Kazi yangu ni kumwaga simenti juu ya waliozikwa na kuandika jina. Familia inakuja, inanitamkia jina la mtu wao, inaniachia kipande cha karatasi lilipoandikwa, na mimi nalichora kwa ncha ya msumari kabla simenti haijakauka, alama kwa alama, kama mtu anayechora mbuzi huku anamtazama mbuzi. Jina nimelisikia, jina naliona. Kesho naletewa jingine linaloanza kwa sauti ile ile, naona alama ya kwanza nayo ni ile ile. Hapo nikaanza kushika. Baada ya makaburi mengi nilijikuta nasoma vibao vya maduka barabarani, na hakuna mwalimu aliyenichapa.

Kifaransa ndicho kilinishinda. «Ici repose» niliiandika miaka mingi, naitamka vizuri kabisa, bila kujua ni nini. Nilidhani ni ukoo fulani mkubwa wenye bahati mbaya. Siku nilipomuuliza mke wangu hawa watu wa Ici Repose ni wa wapi, kwa nini wanakufa hivi, aliweka sufuria chini na kushika ukuta kwa kucheka. Kumbe ni «hapa amelala».

Nasema haya ili anayesoma ajue anayeandika ni nani. Mama mmoja anayefundisha historia kule Kasapa, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, ndiye aliyenisihi niandike. Nilimwambia mimi si mtu wa kalamu. Akanijibu, «Papa, andika vile unasemaka.» Basi naandika vile ninavyosema, na kwa kuwa nikisema huwa nawataja wenye makosa, nitaanza na hao. Majina yao nayaacha. Wao wenyewe watajijua, na majirani watawajua kabla yao.

Wa kwanza ni patron, bwana mwenye shimo tulipokuwa tunachimba shaba. Mvua ilinyesha, mchanga ukawa unadondoka pembeni, tukamwambia. Alikuwa amekaa kwenye gari lake, mlango wazi, anakula karanga. Akasema asiyetaka kushuka aende akauze mandazi na mama yake. Tukashuka. Shimo likafunga. Wenzangu wako humo mpaka leo, hawakutolewa, hawana hata msalaba. Mimi nilitoka kwa sababu nilikuwa wa mwisho kwenye kamba, na mguu wangu mmoja ulivunjika fasi mbili, mahali pawili. Yule bwana sasa ana nyumba ya ghorofa na kila Jumapili anakaa kanisani kiti cha mbele.

Wa pili ni kaka yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema hapa. Nikiwa hospitali, mguu umening'inizwa na kamba kama nyama ya bucha, mama alikufa. Yaya ndiye aliyemzika. Watu wa jumuiya ya kanisa walichanga simenti ya kaburi, mifuko ikaletwa mpaka nyumbani. Kaburini haikufika. Yaya aliimwaga mbele ya buvette yake, kilabu chake cha bia, akatengeneza ngazi na baraza. Kila mtu anayekunywa bia kwake, mtaa wa Hewa Bora, amekanyaga simenti ya mama yangu.

Nilipotoka hospitali na magongo, nikamuuliza mama yuko wapi. Akaniambia, «Kule kwa bazee, ku makaburi ya zamani, karibu na kamuti kamoja.» Nilipofika, hako kamuti kalikuwa kameshakatwa, kamekuwa makala, makaa ya kupikia. Na pale kalipokuwa kulikuwa na uwanja mzima wa vilima vya udongo mwekundu, vimebonyea, vyote sura moja.

Tangu hapo, kila siku ya kuombea wafu, mwezi wa kumi na moja, nilikuwa naweka mshumaa wangu njiani katikati ya vilima, nasema, «Mama, huu wako, uko karibu.» Nilipopata kazi ya simenti makaburini, watu walisema nimefuata mkate. Mkate nilifuata, ndiyo. Lakini pia nilitaka kuwa karibu.

Sasa, habari yenyewe. Ni mwaka jana, mwezi wa tisa, vumbi limejaa mpaka kwenye kope. Mwenye makosa wa tatu akatokea: shefu, mkubwa wa makaburi. Makaburi yetu, huku nje ya mji upande wa Annexe, yamejaa, na shefu amegundua kwamba kaburi la zamani lisilo na jina linaweza kupewa mtu mpya. Alitukusanya sisi mafundi na familia chache zilizokuwepo, akasimama juu ya tofali.

«Kila mutu aonyeshe mufu wake,» akasema. «Mwisho ni siku ya kuombea bafu. Yule hana mwenyewe, tutalaza mwengine juu yake.»

Nikamuuliza, «Na yule mwenyewe eko, lakini hajue fasi?»

«Yule ni sawa na hana.»

«Shefu, mama yangu eko mule.»

«Onyesha.»

«Mule.»

«Mule iko fasi mingi, fundi. Kidole moja haitoshe.»

Watu walicheka. Sikucheka. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba mama atalaliwa na mtu asiyemjua, mvua zikianza. Mke wangu aliniwekea bukari, ugali wetu, mezani, akakaa, akaniuliza kama pale kwa bazee hakuna chochote, hata jiwe. Nikamwambia kuna vipande vya simenti vya Muzee wa reli.

Huyo Muzee sikumkuta. Alikufa kabla sijaanza kazi pale. Zamani alikuwa mtu wa kutengeneza njia ya treni, na alipostaafu akawa mchimba makaburi. Familia isiyoweza kulipia msalaba, yeye aliifanyia kipande kidogo cha simenti, ukubwa wa tofali, akakiweka upande wa kichwa, akachora alama juu yake. Herufi hakuzijua hata moja. Alama zake zilikuwa mistari, mawimbi, pete ndogo. Mafundi wote tulivijua vile vipande. Tulivikalia wakati wa kula. Wafu wengine wa Muzee, watoto wao walipopata kazi, waliwekewa baadaye ubao wa marumaru wenye jina, na kile kipande cha simenti kikabaki chini yake, hakuna aliyekiondoa.

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi akili yangu, ile ya darasa la tatu, ilinipa wazo. Kaburi linaandikwa nini? Jina. Basi alama za Muzee ni majina. Nikatafuta kwenye marumaru jina la ubatizo la mama yangu. Nikampata mwanamke mwenye jina hilo. Kwenye kipande chake cha simenti kulikuwa na wimbi, na juu ya wimbi mstari, na chini pete ndogo. Nikasema, haya, hivyo ndivyo mama anaandikwa. Nikazunguka pale palipokuwa na kamuti, nikitafuta wimbi, mstari na pete. Nikaviona.

Nilitengeneza msalaba wa mbao siku hiyo hiyo. Mke wangu alikuja na maua, akapiga magoti, akalia kilio kile cha mkwe aliyependwa, akamweleza mama habari zote za wajukuu, nani amefaulu, nani ana kichwa ngumu. Mimi nilisimama nyuma yake na kofia mkononi. Nilikuwa mtu mwenye furaha sana, na nilikuwa kwenye kaburi la watu wengine.

Aliyenitoa pale ni yule mama wa Kasapa. Alikuja kuchukua msalaba wa simenti aliouagiza kwa ajili ya baba yake, aliyezikwa upande mpya. Alinikuta nimekaa kwa bazee nafagia. Akainama juu ya kipande cha simenti, akapuliza vumbi.

«Papa, ni nani aliandika hii?»

«Madame, hakuna mutu aliandika. Ni Muzee moja alichora. Hakujua kuandika.»

«Aliandika,» akasema. «Ni sisi hatujue kusoma.»

Nikamwonyesha kwa majivuno kwamba mimi nilishajua: hili ni jina la mama yangu, na pale kwenye marumaru ni jina lile lile. Akasikiliza mpaka mwisho, hakunikata. Akasema nimefanya jambo zuri kuanzia kwenye ubao wenye maandishi mawili, kwa sababu hata wasomi wakubwa walianza hivyo. Kisha akaniomba tutembee kidogo. Tulitembea. Mbele ya marumaru nyingine alisimama. Ilikuwa ya katekista, mwanaume mwenye ndevu kwenye picha ya kioo. Chini yake, kwenye simenti ya Muzee: wimbi na mstari juu yake. Pete tu ndiyo haikuwepo.

«Na huyu,» akauliza polepole, «naye iko na jina ya mama?»

Nilikaa chini. Mguu wangu ule mbaya huwa unanipa sababu ya kukaa.

Jioni nilimwambia mke wangu. Alikuwa anakata sombe, majani ya muhogo, kisu kikapita, kikapita, halafu akasema, «Sasa mi nililia mama ya nani?»

«Sijue.»

«Nilimwambia mambo ya ndani. Nilimwambia hata ile ya dada yako.»

«Ataficha.»

«Maua yangu yabakie pale,» akasema. «Na ye alihitaji mutu.» Kisha akaanza kucheka, na mimi nikacheka, lakini mama alikuwa bado amepotea na mawingu ya kwanza yalikuwa yanakusanyika upande wa kusini.

Yule madame alirudi. Nilidhani wasomi wanapenda viti. Huyu alikuja na viatu vya mpira na brashi ya kufulia. Alitaka tufanye kazi asubuhi mapema, jua likiwa chini. Sababu niliiona mwenyewe: mwanga ukija kwa ubavu, mkwaruzo ambao mchana hauuoni kabisa unasimama wenyewe, una kivuli chake. Palipochakaa sana mimi niliweka unga. Unapaka unga wa mahindi juu ya simenti, unapangusa kwa kiganja, unaobaki kwenye mikwaruzo unakuonyesha mstari mweupe. Mke wangu aliuliza unga unakwenda wapi. Nikamwambia wafu wanakula. Akasema basi na wao wachangie.

Tukiwa tunafanya hivyo, madame alinieleza jinsi wasomi walivyofungua maandishi yaliyopotea. Habari ya jiwe la Misri aliisimulia kama mtu anayesimulia ugomvi wa majirani. Amri moja ya mfalme, imeandikwa mara tatu kwenye jiwe moja, kila mara kwa maandishi yake. Mawili yalikuwa yamekufa, hakuna aliyeyajua tena duniani. La tatu lilikuwa Kiyunani, na hicho watu walikijua. Walianza na majina ya wafalme, kwa sababu jina likihama lugha linabaki karibu na sauti yake, na Wamisri walikuwa wakiyazungushia majina hayo mstari kama kamba. Ukishapata jina, umepata sauti chache. Sauti hizo unazipeleka kwenye neno lingine, zinakuzalia nyingine.

«Ni vile nilijifunza mi,» nikasema. «Kwa majina ya bafu.»

«Njo maana nilikuambia ulianza muzuri,» akasema.

Akaniambia pia kuna mawe kule Sudan, ya wafalme weusi wa zamani sana. Wasomi wanajua kuyatamka yote, kwa sababu majina yaliwapa sauti. Lakini lugha yenyewe imekufa, maneno machache tu ndiyo yanaeleweka. Wanasoma kwa sauti, hawajui wanasema nini.

«Hiyo ni Ici Repose,» nikamwambia, na nikamsimulia. Alicheka mpaka brashi ikaanguka. Akasema atawasimulia wanafunzi wake. Nikamwambia asiwaambie ni fundi gani.

Lakini alinifundisha jambo moja lililoniingia. Kabla ya kuuliza alama inasema nini, unaangalia ziko ngapi tofauti. Zikiwa chache, labda ni herufi. Zikiwa nyingi mno, kila moja labda ni neno zima. Sisi tulizipanga za Muzee kwenye mchanga kwa kijiti. Tofauti zake zilikuwa chache, vidole vya mikono na miguu vingebaki, na kwenye kila kipande alama ilikuwa moja tu, pamoja na pete au bila pete. Herufi haziwezi kuwa, maana hakuna jina la herufi moja. Majina hayawezi kuwa, maana wafu walikuwa wengi na alama zilijirudia. Pete tuliimaliza asubuhi ya kwanza: marumaru zote zenye pete chini yake zilikuwa za wanawake. Ilibaki ile alama kubwa. Kitu ambacho wafu wengi wanashirikiana.

Madame akafikiri ni fasi waliyozaliwa, kwa sababu marumaru nyingi zimeandikwa mahali pa kuzaliwa. Tukakagua. Haikukubali. Hata wale wa wimbi peke yao walikuwa na vijiji tofauti, katekista cha kwake, yule mwenye jina la mama cha kwake, mwingine cha kwake. Akafikiri ni ukoo, haikukubali. Akafikiri ni kazi, haikukubali. Alikaa juu ya kaburi, mtu wa shahada nyingi, akapangusa unga mikononi, akasema, «Papa, mi nimefika mwisho. Tunajua ni alama ya nini haiko, hatujue iko ya nini. Lazima tujue Muzee alimwandikia nani. Mutu haandike bure.»

Oktoba ilikuwa inaisha. Shefu alikuwa ameshaleta kopo la rangi nyeupe: kaburi lililoonyeshwa linapata alama ya rangi, lisiloonyeshwa linasubiri jembe.

Basi nikafanya nilichokuwa sijafanya kwa miaka mingi. Nilikwenda buvette ya yaya. Nilisimama chini ya ngazi, sikupanda. Siipandi ile ngazi.

«Mudogo, panda ukunywe,» akasema.

«Niko muzuri hapa. Siku mulimuzika mama, Muzee wa makaburi alisema nini?»

«Ni zamani ile.»

«Yaya. Sikuulize mambo ya simenti.» Watu kwenye viti walianza kuangalia chupa zao. «Nakuuliza Muzee alisema nini.»

Alifuta kaunta. Alifuta fasi ile ile iliyokuwa safi. «Hakusema kitu. Aliuliza tu neno moja, ya kijinga. Aliniuliza mama alipandia treni wapi.»

«Alipandia treni?»

«Siku alitoka kwabo, kuya huku Lubumbashi. Nikajisemea, huyu anatafuta stori. Nikamwambia. Akachora, akaenda kukunywa maji.»

Nilishika nguzo ya baraza lake. Simenti ya mama chini ya miguu ya walevi, na mimi nimeishika nguzo namshukuru Mungu.

Ilikuwa wazi kama mchana. Sisi watoto wa reli na wa mgodi, ambao wazee wetu walitoka kaskazini, hatuulizwi wewe ni nani. Tunaulizwa muko ba wapi, na jibu ni kituo. Kijiji chako hakuna anayekijua. Kituo kila mtu anakijua. Ndugu akija kutoka huko kutafuta kaburi, na Muzee hajui kusoma, na ndugu naye pengine hajui, Muzee atamuuliza nini? Atamuuliza mtu wenu alipandia wapi. Akitajiwa kituo, anampeleka kwenye vipande vya kituo hicho. Muzee hakuwa anawaandikia wafu. Alikuwa anajiandikia mwenyewe, awaongoze wanaokuja.

Nilimpigia madame simu pale pale chini ya ngazi. Nikamweleza swali la Muzee. Akasema, «Wimbi na mustari juu yake.»

«Bukama,» nikasema. «Daraja juu ya muto.»

Asubuhi yake hatukuhitaji hata unga. Mimi nilikulia na baba aliyekuwa anatuhesabia vituo jioni kama wengine wanavyosali rozari, na vile vipande vilianza kuniita. Kipande chenye kijiwe cheusi kilichobanwa ndani ya simenti: Luena, kwenye makaa ya mawe. Mstari unaogawanyika kama panda ya manati: Kamina, njia zinapoachana, moja inakwenda Kasai, nyingine inapanda kaskazini. Panda yenye mkato kwenye tawi la kulia: Kabongo, maana ni huko huko kulia unapoelekea. Madame alikuwa anakimbia kutoka marumaru hadi marumaru akiuliza kwa simu watoto wa wafu aliowafahamu: baba yenu alipandia wapi? Walimjibu. Zilikubali.

Mama yangu hakupandia Kabongo wala Kamina. Alipandia kituo kidogo katikati yao, ambapo treni ilikuwa inasimama kwa muda wa kukojoa tu. Alitusimulia mara nyingi. Alikuwa bibi harusi, amebeba kuku wawili na mkeka, na treni iliondoka kabla hajakaa, akaangukia mapajani pa padre. Baba aliyekuwa amekuja kumpokea alimkuta bado anamwomba padre msamaha. Kituo hicho hakikuwa kwenye marumaru yoyote. Hakuna ubao wa kutuonyesha alama yake.

«Muzee angeiandika namna gani?» madame akaniuliza.

Nilichora mchangani. Panda ya Kamina. Mkato wa Kabongo kwenye tawi la kulia. Halafu nikafuta mkato, na kati ya panda na pale ulipokuwa mkato nikaweka nukta moja. Kituo kidogo, nukta. Chini, pete.

Tuligawana mistari ya makaburi, yeye kushoto, mimi kulia. Sikuwa na haraka. Nilikuwa naogopa. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku na udongo ulikuwa na harufu ile. Nilipita vipande vingi vya wimbi, vingi vya panda. Aliyekiona wa kwanza ni madame, hakuniita, alisimama tu na brashi mkononi, akanitazama mpaka nikageuka.

Palikuwa mbali na kamuti. Yaya hata hilo alisema uongo, au alisahau, sijui. Kipande kilikuwa kimezama, kimebaki uso tu. Nilipiga magoti, nikapangusa. Panda. Nukta kwenye tawi la kulia. Pete. Tulizunguka uwanja wote mara nyingine, na kingine cha namna hiyo hakikuwepo.

Niliongea na mama kidogo. Hayo si ya kuandika.

Siku ya wafu shefu alikuja na kopo lake la rangi na brashi sikioni kama fundi seremala. Nikamwonyesha.

«Hii?» akasema. «Hii ni kuku alikwaruza.»

«Shefu, simama pale. Ile kipande iko chini ya miguu yako, ni mwanaume, alipandia Luena. Yule wa nyuma ni mwanamuke, alipandia Bukama. Uliza mwenye marumaru, ataitika.»

Mzee mmoja aliyekuwa anasafisha marumaru pembeni aliinua kichwa. «Ni kweli. Mama yangu alipandia Bukama. Nani alikwambia?»

Baada ya hapo shefu hakupata nafasi ya kusema. Watu walinijia na vipande vyao: fundi, njoo huku, na huyu alipandia wapi? Wengine walikuwa kama mimi, miaka wanawasha mshumaa njiani. Madame alikuwa anapaka unga, mimi nasoma. Mara nyingi kituo hakitoshi, wa Kamina ni wengi, familia zilikaa zikabishana nani ni wao, wakapatana kwamba watasafisha wote. Rangi ya shefu iliisha mchana. Sehemu kubwa ya uwanja ule imebaki na watu wake mpaka leo, na shefu akinipita hanisalimu, nami nashukuru.

Kaburi la mama nililitengeneza mwenyewe, bila haraka, kwa simenti nzuri. Kipande cha Muzee sikukiondoa. Nilikiinua, nikakiweka juu, na chini yake nikachora jina lote kwa herufi, kwa ule msumari wangu. Madame alitaka kujua kwa nini yote mawili. Nikamwambia siku moja atakuja mtu asiyejua hii, au asiyejua ile. Apate pa kuanzia.

Siku ya kumwaga simenti yaya alikuja. Hakuna aliyemwita. Alivaa suruali ya zamani, akachukua ndoo mbili, akaenda kwenye bomba, na bomba liko mbali, upande wa lango. Alikwenda, akarudi, akaenda tena. Mke wangu alinitazama. Nikaendelea kukoroga.

Tulipokaa kula, bukari na samaki, yeye alikaa pembeni kidogo, juu ya ndoo iliyogeuzwa.

«Mudogo,» akasema, «simenti imetosha?»

«Imetosha.»

«Ile ya buvette…»

«Ile iko buvette,» nikamwambia. «Kula, bukari inapoa.»

Sijamsamehe. Lakini maji alibeba yeye, na simenti ilishika vizuri.